Pesa za Kitanda: Hospitali Yako Inalipwa Namna Gani Tangu 1966?

Katika mazungumzo yetu mengine huwa tunaongea juu ya chanjo, maziwa ya mama na dalili za hatari kwa mjamzito. Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo si sindano wala si dawa, lakini ndilo linaloamua kama utaikuta sindano na dawa ukifika. Je, hospitali hulipwa namna gani, na ni nani aliyepanga bei hiyo?

Najua utaniambia, "Sista, hayo ni mambo ya wakubwa wa Nairobi. Mimi nataka kujua kama nitalipa au sitalipa." Ni swali zuri. Lakini ukijifungua na usiombwe hata shilingi, usidhani kwamba hakuna aliyelipa. Kuna aliyelipa, au kuna anayedaiwa. Tena kuna njia nyingi za kulipa. Mtu anaweza kuilipa hospitali kwa kila siku unayolala pale, au kwa kila mtoto anayezaliwa, au kwa kila kichwa kilichoandikishwa hata kama hakijaugua. Kila njia humfanya mwenye hospitali akutazame kwa jicho tofauti. Serikali yetu imejaribu karibu njia zote hizo, na sisi watu wa Kitui na Makueni tumeziona zote.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya kadi yoyote, bima ya Mkamba ilikuwa mwethya. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Ukilala mgonjwa, wenzako wanakuchotea maji na kukuchungia mbuzi. Mwethya ulifaa kwa jembe na kwa mtaro wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Bili ya hospitali ni kitu kingine, kwa sababu inataka pesa taslimu na inazitaka siku hiyo hiyo.

Baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali iliondoa ada ya shilingi 5 ambayo wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani walikuwa wakitozwa. Mwaka uliofuata, 1966, Bunge likaunda Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, ile ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la NHIF. Mwanzoni ilikuwa ya wafanyakazi wa mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, na kila mmoja alikatwa shilingi 20. Shilingi 1,000 wakati huo ulikuwa mshahara wa mtu mkubwa. Mkulima wa mtama wa Kyuso hakuwamo. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wasio na ajira wajiunge kwa hiari yao, lakini walioingia mashambani walikuwa wachache.

Sasa tazama hilo jina vizuri. Lilikuwa bima ya hospitali, si bima ya afya. NHIF ililipia kitanda. Serikali ilitangaza ni hospitali zipi zimekubaliwa, na kila moja ililipwa kiasi fulani kwa kila siku ambayo mgonjwa amelala. Ukipeleka mtoto mwenye malaria akapewa dawa na kurudi nyumbani, kadi haikusaidia. Mtoto yule yule akilazwa, kadi inaanza kufanya kazi. Unaona jambo hilo linaelekea wapi? Mama anajua mtoto akilazwa ndiyo afadhali ya mfuko wake. Na hospitali inayolipwa kwa siku haina haraka ya kumruhusu mgonjwa aende nyumbani. Sisemi kwamba kila hospitali ilifanya hivyo. Nasema bei iliwavuta watu upande huo. Tena pale kiasi cha siku kilipokuwa kidogo kuliko bili, tofauti ilimrudia mgonjwa, na hapo mbuzi aliuzwa.

Mwaka 1990 makato yaligawanywa kulingana na mshahara, kuanzia shilingi 30 hadi 320 kwa mwezi. Mwaka 1998 sheria mpya iliitoa NHIF ndani ya Wizara ya Afya na kuifanya shirika la serikali lenye bodi yake. Lakini kwa miaka mingi kitanda kilibaki kuwa kitanda.

Kwa wasio na kadi, ambao ndio wengi wetu, hali ilikuwa ngumu zaidi. Desemba 1989 serikali ilianzisha ule mpango wa kuchangia gharama. Ada za wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani zilisimamishwa Septemba 1990, zikarudi tena 1992 hatua kwa hatua. Hapa kwetu Kibwezi ni mahali panapotajwa katika historia hiyo, kwani watafiti walipachunguza na mwaka 1995 wakachapisha walichokiona kuhusu jinsi ada zilivyowaathiri wasiojiweza. Kwa mlezi hakuna la kushangaza hapo. Mtu anayepima debe la mahindi lililobaki hawezi kwenda zahanati kwa homa ya siku moja. Atangoja siku ya tatu, na siku ya tatu mtoto anakuja akiwa hoi.

Mwaka 2004 yalitokea mambo mawili, na kwa yote mawili mtu wa kwetu alihusika. Waziri wa Afya alikuwa Charity Ngilu, aliyekuwa pia mbunge wa Kitui ya Kati. Kwanza, zahanati ziliambiwa zitoze shilingi 10 tu na vituo vya afya shilingi 20. Pili, alipeleka Bungeni mswada wa bima ya afya ya jamii kwa kila Mkenya. Bunge liliupitisha, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Kulikuwa na hofu kuhusu gharama yake, na kampuni za bima za kibinafsi hazikuupenda. Mswada ukalala. Ilichukua karibu miaka 20 kabla wazo hilo kurudi likiwa sheria.

Sasa tufike kwenye wodi ya uzazi, kwani hapa ndipo mimi muuguzi nina mengi ya kusema.

Tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za serikali ni bure, na zile shilingi 10 na 20 za zahanati na vituo vya afya zikaondolewa. Watu walisikia neno "bure" na kupiga vigelegele. Wachache waliuliza serikali italipa vipi. Ililipa kwa kila uzazi: shilingi 2,500 kwa zahanati au kituo cha afya, shilingi 5,000 kwa hospitali ya wilaya au ya kaunti, na 17,500 kwa zile hospitali kubwa za rufaa za taifa.

Fikiria maana ya hizo 2,500 kwa zahanati ya Ikutha ndani au ya Nguu. Jana yake kituo kilipata senti za kuandikisha tu. Leo kila mtoto anayezaliwa pale analeta pesa za glavu, sabuni, mafuta ya taa au betri ya sola. Ghafla muuguzi ana sababu ya kufungua mlango saa nane usiku, na msimamizi ana sababu ya kununua godoro. Mimi naamini bei hiyo, pamoja na barabara na elimu, ilifanya kazi kubwa. Takwimu za nchi nzima zinaonyesha kwamba akina mama waliosaidiwa na mhudumu mwenye ujuzi wakati wa kujifungua walikuwa 44 kwa kila 100 katika uchunguzi wa 2008 na 2009, wakawa 62 mwaka 2014, na 89 mwaka 2022.

Lakini pesa za serikali zilichelewa, wakati mwingine miezi mingi. Isitoshe, mwaka huo huo wa 2013 ndipo afya ilipokabidhiwa kaunti, na katika sehemu nyingi pesa za hospitali zikawa zinaingia kwanza katika akaunti ya kaunti. Mwenye wodi alizalisha, akajaza fomu, akangoja. Wewe mama ukafika ukaambiwa, "Ni bure, lakini nenda ununue glavu na pamba pale dukani." Ulikasirika, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Ila sasa unaelewa kwamba mara nyingi yule dada wa wodini hakuficha glavu. Pesa zake zilikuwa njiani.

Na kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa asiyekuwa na pesa. Mama angeweza kujifungua salama kisha akazuiliwa wodini kwa sababu ya bili. Akina mama wawili waliozuiliwa Hospitali ya Pumwani, Nairobi, walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Ikumbuke kesi hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema pia kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Damu inayotoka kwa wingi ni dharura. Degedege ya mjamzito ni dharura. Usikae nyumbani kuhesabu pesa.

Kuanzia 2016 na 2017 mpango huo wa kujifungua ulihamishwa kutoka Wizara ya Afya hadi NHIF ukaitwa Linda Mama. Mama alijiandikisha bila kuchangia chochote, na hata baadhi ya hospitali za misheni na za kibinafsi ziliingia. Wakati huo huo, NHIF ya wanaochangia ilikuwa na bei yake ya uzazi: shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji.

Hebu simama hapo. Elfu kumi na elfu thelathini. Upasuaji una gharama kubwa kweli: kuna daktari, dawa ya usingizi, nyuzi, damu, na siku za kulazwa. Lakini tofauti ikiwa kubwa namna hiyo, pana kishawishi, na malalamiko yalisikika kwamba wengine wanapasua bila sababu ya kutosha. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 1985 kwamba hakuna eneo lenye sababu ya kuwa na upasuaji zaidi ya akina mama 10 hadi 15 kwa kila 100. Upande wa pili pia ni hatari. Hospitali inayolipwa 5,000 kwa upasuaji unaogharimu zaidi ya hapo inaweza kuchelewa kukupeleka chumba cha upasuaji, au ikakutuma kwingine huku uchungu umekaza. Bei ya juu mno inaumiza, na ya chini mno inaumiza. Kwa hiyo anayeipanga anashika maisha ya mama mkononi, hata kama ameketi ofisini na kikombe cha chai.

Huku kwetu magavana hawakungoja Nairobi. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianza na wazee wa miaka 65 na zaidi, na Oktoba 2016 ikafungua MakueniCare kwa kila familia. Familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, pengine bei ya jogoo mmoja sokoni, na ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila malipo mengine. Kitui ilifuata 2018, Ngilu akiwa sasa ndiye gavana, kwa mpango ulioitwa K-CHIC wa shilingi 1,000 kwa familia kwa mwaka. Mto Athi ukawa mpaka wa bima: ng'ambo hii mia tano, ng'ambo ile elfu moja. Majirani zetu wa Machakos nao waliingia Desemba 2018 katika majaribio ya serikali kuu ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Nyeri na Isiolo.

Nawapongeza waliobuni mipango hiyo, kwani mkulima wa ndengu alihesabiwa kuwa mtu wa bima kwa mara ya kwanza. Lakini tuseme ukweli wa hesabu. Mia tano ya familia ya watu sita haiwezi kulipia oparesheni hata moja. Nyingine yote ilitoka bajeti ya kaunti. Mwenye bima na mwenye hospitali walikuwa mtu yule yule, yaani kaunti, akitoa pesa mfuko wa kulia na kutia mfuko wa kushoto. Hilo lina faida, kwani hakuna fomu za kudanganyana. Hasara yake ni kwamba pesa zikichelewa kutoka Hazina ya Taifa, bima na hospitali zinakauka siku moja. Na mpango wa kaunti ulikuishia kwenye hospitali za kaunti. Mama aliyezoea hospitali ya misheni ya Mutomo au Muthale alihitaji kadi nyingine.

Niguse kwa ufupi ile njia ya kulipa kwa kichwa. NHIF iliitumia kwa matibabu ya kutolazwa, kwanza kwa watumishi wa serikali mwaka 2012, kisha kwa wanachama wengine kuanzia 2015. Unachagua kituo kimoja, nacho kinalipwa kiasi kimoja kwa ajili yako, uugue au usiugue. Uzuri wake ni kwamba kituo kinafaidika ukiwa mzima. Ubaya ni kwamba kinafaidika pia usipohudumiwa. Kama uliwahi kupewa panadol na kuambiwa urudi wiki ijayo, au kuambiwa "kituo chako si hiki", sasa unajua fundo liko wapi. Hata Ghana walijaribu njia hii katika eneo la Ashanti mwaka 2012, wakaisimamisha 2017 baada ya manung'uniko mengi.

Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya. Moja iliiondoa NHIF na kuweka Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi 1 Oktoba 2024. Nyingine inaziruhusu hospitali za serikali kubaki na pesa zinazokusanya, jambo ambalo sisi wa wodini tulilingojea sana. Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya bima Julai 2024, lakini Mahakama ya Rufaa ikaruhusu kazi iendelee.

SHA ilikuja na mifuko mitatu. Wa kwanza unalipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, na huko huhitaji kuwa umechangia, mradi umejiandikisha. Wa pili ni wa kulazwa, upasuaji na kujifungua, na huo unataka mchango: asilimia 2.75 ya mapato, lakini si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Katika viwango vya 2024 kitanda cha hospitali ya ngazi ya 4 kilipewa shilingi 3,360 kwa siku. Kujifungua? Elfu kumi kwa kawaida, elfu thelathini kwa upasuaji. Zile zile za NHIF! Jina la ofisi lilibadilika, bei ya uzazi ikabaki. Kilichobadilika kwa mama ni kwamba Linda Mama haikumwomba mchango, na mfuko huu unamwomba. Na asiye na mshahara alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Huo, kwa maoni yangu, ndio ugumu mkubwa zaidi kwetu, kwa maana pesa za ndengu na maembe huja kwa msimu, na msimu mwingine mvua hukosa.

NHIF pia iliacha madeni ya mabilioni kwa hospitali. Machi 2025 Rais alisema hospitali zinazodai shilingi milioni 10 au chini zilipwe zote, na zinazodai zaidi madai yao yakaguliwe. Wakati wa kungoja, hospitali kadhaa za kibinafsi na za misheni nchini ziliwadai wagonjwa pesa taslimu. Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale akatangaza kusimamisha vituo vilivyoshukiwa kudanganya. Makosa yaliyotajwa yalikuwa kama vile kumwandika mgonjwa wa kutibiwa na kurudi kana kwamba alilazwa, kudai huduma ya bei ya juu kuliko iliyotolewa, na kudai kwa wagonjwa ambao hawakuwapo. Mwaka 1966 kitanda kililipwa kwa siku, na karibu miaka 60 baadaye bado kuna wanaolaza watu kwenye karatasi.

Basi, mwaitu, hapa ndipo wewe unapoingia. Jiandikishe mapema kwa kupiga *147# au mwombe mhudumu wa afya wa kijiji akusaidie, na usingoje mwezi wa tisa wa mimba. Kwenye kliniki ya wajawazito uliza kama mchango wako umeingia. Ukiambiwa unahitaji upasuaji, uliza sababu yake na upewe kwa lugha unayoielewa; daktari mzuri hakasiriki. Siku ya kutoka, usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi ambayo haijajazwa. Mwombe karani akusomee imeandikwa umelala siku ngapi, ulijifungua kwa njia gani, na bima imedaiwa shilingi ngapi. Ukiona imeandikwa siku nne nawe ulilala mbili, sema hapo hapo dirishani, kabla hujamfunga mtoto mgongoni na kwenda kutafuta gari.